Waterloo ya Kila Jumatano

Nchi ninayoisimulia nimeiacha bila jina, na msomaji asijisumbue kuitafuta kwenye ramani. Nilikuwa karani wa kumbukumbu katika Ikulu yake kwa miaka kumi na tisa. Niliandika nilichoamriwa kuandika, na haya ni yale yaliyobaki kichwani baada ya madaftari yangu kuchukuliwa. Sina kinyongo na mtu. Naeleza tu jinsi nchi ile ilivyopigana vita vya Waterloo mara hamsini na tatu, na jinsi mwalimu mmoja wa historia alivyochoka.

Mambo yalianza kwa zawadi. Mgeni mmoja wa nje, aliyekuja kutuuzia mitambo ya umeme akaondoka nayo, alimwachia Mtukufu Rais sanduku la mbao lenye vijisanamu mia sita vya askari. Kila kimoja kilikuwa na urefu wa kidole gumba, kimesubiwa kwa madini ya risasi yaliyoyeyushwa na kupakwa rangi hadi vifungo vya koti. Nusu walikuwa Wafaransa wa Napoleoni, nusu Waingereza wa Jenerali Welingtoni pamoja na marafiki zao. Chini ya sanduku mlikuwa na rula mbili, madadu manne na kitabu cha kanuni. Kitabu kilieleza namna ya kupigana upya, juu ya meza, vita vile ambavyo Napoleoni alishindwa mwezi wa Juni mwaka 1815 na utawala wake ukaishia hapo. Mchezaji anasogeza askari wake kwa kipimo cha rula, anarusha dadu kujua nani kafa na nani kakimbia, na mwisho wake, kilisema kitabu, aliyeshindwa zamani anaweza kabisa kushinda leo.

Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyotuponza. Mtukufu aliyasoma mara mbili, akavua miwani, akasema kwamba tangu utotoni amekuwa akihisi Napoleoni alionewa.

Wiki haikuisha Baraza la Mawaziri likapitisha Sheria ya Marudio ya Waterloo, na ikaundwa Kamisheni ya kuisimamia. Meza kubwa ililetwa katika ukumbi wa Baraza. Ikatandikwa kitambaa cha kijani, ikawekwa vilima viwili vya mbao, na nyumba za mashamba zikatengenezwa kwa maboksi ya viberiti. Kwa kuwa ukumbi ulijaa, Baraza lenyewe lilihamia kwenye ujia, ambako mawaziri walikaa kwenye benchi refu wamepanga migongo ukutani kama wagonjwa wanaongojea sindano. Waliendesha nchi kutoka pale, na sikuona kwamba nchi ilitambua tofauti.

Tatizo lilikuwa adui. Mtukufu alikuwa Napoleoni, hilo halikuhitaji kujadiliwa, lakini hapakuwa na mtu wa kuwa Welingtoni. Waziri wa Kilimo alijaribiwa kwanza. Alijisalimisha kabla dadu halijarushwa, akaomba radhi kwa niaba ya Uingereza. Waziri wa Elimu aliwageuza Waingereza wake wote wakatazama ukuta, ili wasije wakaonekana wanamkabili Mkuu wa Nchi. Mtukufu alichukizwa sana.

“Nataka kushinda kwa haki,” alisema. “Nitafutieni mtu atakayenipinga kwa moyo wake wote, kisha ashindwe.”

Kamisheni ilitafuta mji mzima. Watu wa kumpinga Mtukufu kwa moyo wote walikuwapo, ila wakati ule wote walikuwa mahali ambapo ndugu huruhusiwa kuwaona Jumamosi tu. Ndipo mtu mmoja wa Kamisheni akakumbuka kwamba vitabu vya shule vina somo la Napoleoni, na somo likiwapo lazima mwalimu wake atakuwapo.

*

Mwalimu Zefania Lugome alikuwa na miaka hamsini na tisa. Alikuwa akifundisha historia katika sekondari moja ya nyanda za juu, na kilichombakia kabla ya kustaafu kilikuwa mihula miwili. Alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye sauti ya chini iliyozoea kurudia jambo moja mara nyingi bila kukasirika. Alikuwa na mke, aliyejulikana kijijini kwa jina la Mama Perusi, na binti mmoja, huyo Perusi mwenyewe, ambaye alikuwa koplo jeshini na dereva wa lori.

Walimchukua akiwa darasani, kidato cha tatu. Aliwaambia wanafunzi waendelee na ukurasa unaofuata, akamwomba mwalimu wa darasa la jirani amjulishe mkewe kwamba huenda asirudi kula mchana, akapanda gari la serikali na chaki ikiwa bado mfukoni mwa shati. Njia nzima aliamini amekamatwa. Alipofika Ikulu akasomewa barua inayomteua kuwa Adui wa Taifa, Daraja la Kwanza, na aliniambia baadaye kwamba barua ile haikumtuliza.

Alipewa chumba nyuma ya jiko la Ikulu na koti jekundu la sufu, kwa sababu Waingereza walivaa mekundu. Mji ule una joto hata mwezi wa Julai. Jumatano yake ya kwanza alisimama upande wa kaskazini wa meza akitiririka jasho, akasoma kanuni, akawapanga askari wake jinsi kitabu kilivyosema.

Mtukufu aliwapandisha askari wake wote wa farasi kilimani kwa mkupuo mmoja. Mwalimu akawapanga Waingereza miraba, kama Waingereza wenyewe walivyofanya siku ile, maana farasi hawezi kuvunja mraba wa bunduki zilizochomekwa visu. Kanuni zilisema hivyo, na madadu yakakubaliana na kanuni. Ilipofika saa kumi alasiri Napoleoni alikuwa amebakiwa na wapiga ngoma.

Mawaziri waliokuwa wakichungulia mlangoni walitazama dari. Mtukufu aliweka rula yake mezani polepole na akatoka, na taarifa ya habari ya saa mbili ilitangaza kwamba vita vya Waterloo vimeahirishwa kwa sababu za kiufundi na hali ni shwari.

Asubuhi Waziri wa Ulinzi, Jenerali Kanyerere, alimwita Mwalimu kwenye baraza ya nje. Jenerali alikuwa mtu mnene, mpole, kifua kimejaa nishani zinazogongana akipumua. Alimweleza kwa adabu kwamba taifa linamhitaji ashindwe. Mwalimu alijibu kwamba atashindwa kwa furaha, Jumatano ijayo ikiwezekana, kwani alikuwa ameacha mitihani ya muhula haijasahihishwa.

Alijaribu kweli. Lakini kushindwa na Mtukufu kulikuwa kazi ngumu kuliko kumshinda. Mwalimu aliacha malango ya mashamba wazi, akapeleka mizinga yake mahali isipoona kitu, akawatuma wapanda farasi wake wakanywe maji nje ya ramani. Mtukufu naye akapiga mizinga kwenye jeshi lake mwenyewe, akaligeuza jeshi likaelekea Paris, na Jumatano moja akasahau kumweka Napoleoni mezani. Zilipita wiki tano za namna hiyo. Kila Alhamisi redio ilisema Waterloo imeahirishwa na hali ni shwari.

Hata hivyo mtu akifanya jambo kila wiki hujifunza kidogo. Wiki ya sita Mtukufu alianza kutumia kanuni.

*

Mimi ndiye niliyemwonyesha Mwalimu ile karatasi, na sikukusudia. Nilikwenda chumbani kwake na faili ili atie sahihi kumbukumbu za mapigano, na karatasi moja ya faili la chini ikafuatana nazo. Ilikuwa amri ya kijeshi, imepigwa chapa safi, imekwisha kutiwa sahihi na Mtukufu, haikukosa kitu isipokuwa tarehe. Iliagiza kwamba siku Napoleoni atakaposhinda Waterloo, Kikosi cha Tatu kivuke mto kuingia nchi jirani na kuukomboa mwamba wa Nyamasika.

Mwamba wa Nyamasika uko ng'ambo ya mto. Una urefu wa kama nyumba ya ghorofa mbili, na juu yake hukaa ndege weupe. Nchi zetu mbili ziligombana juu yake tangu kabla sijazaliwa, na ni ndege peke yao waliowahi kuutumia. Mtukufu aliamini kwamba jemadari asiyeweza kumshinda Mwingereza mezani hana haki ya kwenda uwanjani. Nilidhani hiyo ni busara, na nikamweleza Mwalimu hivyo.

Aliisoma amri mara moja. Akaniuliza kama nina hakika ni Kikosi cha Tatu. Nilimwambia mimi mwenyewe ndiye niliyeipiga chapa.

“Perusi yuko Kikosi cha Tatu,” alisema.

Aliketi juu ya sanduku la kofia, akakaa na koti lake la sufu magotini. Nikamwomba anirudishie karatasi.

Kuanzia wiki ile Mwalimu hakushinda wala hakushindwa. Sikuelewa jambo hilo upesi, ingawa niliandika kila kilichotokea. Usiku wa kuamkia vita vya kweli vya Waterloo mvua kubwa ilinyesha, uwanja ukawa tope, na Napoleoni akangoja hadi karibu na adhuhuri ndipo akaanza. Kitabu kilikuwa na kanuni ya mvua hiyo, na hapakuwa na mtu aliyewahi kuitumia. Mwalimu aliomba itumike, kwa heshima ya historia. Sasa mapigano hayakuweza kuanza kabla ya saa sita mchana. Saa saba Mtukufu hula. Baada ya kula hulala hadi saa tisa. Na saa kumi na mbili jioni bendera ya taifa hushushwa, na sheria zetu zinakataza kupigana bendera ikiwa chini.

Katika saa nne zilizobaki Mwalimu aliuliza maswali. Aliuliza kama dadu lililoangukia chini ya meza limepigana au limetoroka. Kamisheni ilikaa vikao vinne kwa ajili ya dadu hilo. Aliuliza kama farasi anaweza kuona juu ya boksi la kiberiti. Wataalamu watatu walipiga magoti kwenye sakafu mchana kutwa, jicho limelingana na meza, na hawakukubaliana. Jua likienda chini Waingereza walikuwa bado kilimani na Wafaransa bado bondeni, na Mtukufu alikwenda kula akiwa na hakika kwamba Jumatano ijayo ndiyo.

Nchi iliizoea hali ile, kama inavyozoea mambo. Mtihani wa taifa uliuliza, “Kwa nini Napoleoni atashinda? Toa sababu nne.” Barabara zinazopita karibu na Ikulu zilifungwa siku za Jumatano ili Mfaransa asikie anachofikiri. Askari mmoja wa mezani alipovunjika mguu alipelekwa hospitali kwa gari la wagonjwa, na kwa kuwa gari lilikuwa moja, wananchi wengine waliombwa wasiugue hadi lirudi. Alirudi na nishani. Farasi aliyekanyagwa na Waziri wa Elimu alizikwa kitaifa, na bendera zilipepea nusu mlingoti siku tatu. Nilikuwapo makaburini. Jeneza lilikuwa la kimo cha kawaida.

Mwalimu alikonda. Mihula yake miwili ilikwisha, na siku yake ya kustaafu ikapita akiwa anapima umbali wa mzinga kwa rula. Mama Perusi aliandika akiuliza lini, naye akajibu kwamba bado kidogo. Asubuhi, kabla ya vita, nilimkuta mara kadhaa amesimama mbele ya meza mikono nyuma, anawatazama wale Waingereza wake kama mtu anayetazama shamba ambalo litalimwa tena kesho.

*

Barua ya Perusi ilikuja mwezi wa Machi, imebebwa na dereva mwenzake. Mwalimu alinipa niisome kwa sababu miwani yake ilikuwa imevunjika, nami nikamsomea tukiwa tumekaa nje ya jiko.

Perusi aliandika kwamba hajambo. Kikosi kilikuwa mtoni kwa miezi tisa sasa. Malori kumi na manane yalikuwapo na matano yalikuwa na magurudumu. Viatu vilikuwa vya zamu, anayekwenda lindo anavaa, anayerudi anavua. Askari wa upande wa pili walikuwa na chumvi na wao walikuwa na maharage, kwa hiyo jioni wanarushiana vifurushi juu ya maji, na mmoja wao, sajini mwenye kigugumizi, alimfundisha namna ya kuziba rejeta ya lori inayovuja maji kwa sabuni. Wawili katika kikosi chake walikuwa wamekufa kwa homa. Hakuna aliyewapa nishani. Mwishoni aliandika, “Baba, tukiuliza tunangoja nini, tunaambiwa tunangoja Jumatano. Kila Jumatano tunafunga mizigo na kila Alhamisi tunaifungua. Sijui nani anacheza na sisi, lakini nimechoka kufunga mizigo.”

Mwalimu aliniomba nirudie sehemu ya mwisho. Kisha akaikunja barua akaitia mfukoni.

Siku zile zile Jenerali Kanyerere aligundua. Alikuwa amesoma kumbukumbu zangu zote kwa mfululizo, jambo ambalo sikutegemea waziri alifanye, na akaona kwamba kila swali la Mwalimu lilikuja wakati Mfaransa anakaribia kushinda. Alimkuta barazani, nami nikiwa pembeni na daftari langu. Akaniambia nisiandike.

“Unamchelewesha makusudi,” alisema Jenerali.

Mwalimu hakukana. Alisema ana mtoto pale mtoni, na akishashindwa yeye, mtoto wake atavuka na lori lisilo na magurudumu. Alisema hayo kwa sauti ile ile ya darasani, kama anayetaja mwaka wa mkataba fulani.

Jenerali alikaa kwenye ngazi, nishani zikagongana. Alisema anajua hali ya malori. Kikivuka Jumatano, Kikosi cha Tatu hakitaiona Ijumaa. Mwalimu alimuuliza kama amemwambia Mtukufu.

“Mwalimu, mimi nimekuwa jenerali miaka kumi na minne,” alisema. “Sijawahi kumwambia kitu.”

Hakumshitaki. Lakini uchovu ulikuwa umempata Mtukufu pia, na wake ulikuwa na nguvu za dola. Mwezi wa Mei zilitoka amri tatu. Ya kwanza ilisema vita vya mwisho vitapiganwa tarehe kumi na nane Juni, siku ya Waterloo yenyewe, mbele ya mabalozi na kwa matangazo ya moja kwa moja. Tarehe hiyo iliangukia Jumamosi, na amri ikaifanya Jumatano. Amri ya pili ilifuta mvua. Ya tatu iliwapiga marufuku Waprusia, wale Wajerumani waliofika jioni kumwokoa Welingtoni, wasiingie mezani bila viza, na ofisi ya viza ikafungwa kwa ukarabati. Maswali yote ya kanuni yatajibiwa baada ya ushindi.

*

Siku ile ukumbi ulinuka rangi mpya na jasho la mabalozi. Amri ya kuvuka mto ilikuwa mezani pembeni, juu ya mto mdogo wa hariri, na kalamu ya kutia tarehe kando yake. Mwalimu alivaa koti lake. Nilikaa nyuma yake, nikaona shingo yake imelowa kabla hata dadu la kwanza.

Nilidhani atapigana ashinde. Nadhani hata yeye alikuwa amefikiria hivyo, maana saa mbili za kwanza Waingereza walisimama imara, na mara moja alikuwa na nafasi ya kukata jeshi la Mtukufu vipande viwili. Alishika kijisanamu cha mpanda farasi, akakiinua, akakitazama. Kama angeshinda mbele ya mabalozi angepelekwa kule ambako ndugu huja Jumamosi tu, angeletwa mtu mwingine avae koti, na huyo angeshindwa wiki ijayo. Alimrudisha farasi mahali pake.

Baada ya hapo aliwaondoa Waingereza kilimani mmoja mmoja. Mtukufu aliwapeleka Walinzi wa Kaizari, wale askari wake bora wenye kofia ndefu za manyoya, wakapanda taratibu kwa rula hadi juu. Saa tisa na dakika ishirini hapakuwa na Mwingereza hata mmoja amesimama. Mtukufu alikiweka kijisanamu cha Napoleoni kileleni. Bendi ilipiga. Mabalozi walipiga makofi ya kibalozi. Waziri wa Kilimo alilia, na Waziri wa Elimu akalia zaidi.

Mtukufu alifuta uso, akanyoosha mkono, akachukua kalamu.

“Mtukufu,” alisema Mwalimu, “tunaendelea leo, au Jumatano?”

Kalamu ilisimama. “Tunaendelea na nini? Vita vimekwisha.”

“Vya Waingereza vimekwisha, Mtukufu. Lakini Warusi wako njiani.”

“Hao niliwapiga marufuku.”

“Wale walikuwa Waprusia. Hawa ni Warusi. Na nyuma yao wanakuja Waaustria. Siku Napoleoni anapigana Waterloo, majeshi hayo yalikuwa yanakwenda Ufaransa. Imo vitabuni. Alikuwa anajua kwamba akimshinda Mwingereza bado atawakuta wao. Mtukufu akitoka mezani sasa, atakuwa amemwacha Napoleoni hapo juu peke yake, na wanakuja.”

Bendi ilishusha tarumbeta. Mlinzi mmoja alikwisha kupiga hatua kumwelekea Mwalimu, na Mwalimu aliiona hatua ile, nikaona vidole vyake vimeshika ukingo wa meza. Mtukufu hakuwa akimtazama. Alikuwa akikitazama kijisanamu kidogo cha koti la kijivu juu ya kilima cha mbao, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeambiwa kwamba mwanawe yuko barabarani.

Ndipo Jenerali Kanyerere akatoka kwenye safu ya mawaziri, akapiga saluti.

“Ni kweli, Mtukufu,” alisema. “Upelelezi wetu umethibitisha.”

“Wangapi?”

Jenerali alimtazama Mwalimu. Mwalimu alisema Warusi ni zaidi ya laki moja, na Waaustria zaidi ya hapo. Mmoja wa Kamisheni alinong'ona kwamba kitabu kinaruhusu kijisanamu kimoja kusimama badala ya watu mia. Mtukufu alimgeukia kwa ukali. Alisema hatamshinda mtu kwa kukadiria. Kila Mrusi awepo, na kila Mrusi awe na uso wake. Akaifunga kalamu, akauliza watasubiwa kwa kitu gani.

“Risasi, Mtukufu,” alisema Jenerali. “Kama hawa.”

“Tunayo?”

Nishani za Jenerali zilikuwa zinatikisika, ingawa yeye alisimama wima. “Tunayo nyingi. Iko mtoni, kwenye masanduku ya Kikosi cha Tatu.”

Mtukufu alisema iletwe yote.

*

Ililetwa katika wiki tatu. Malori matano yaliyavuta yale kumi na matatu, na masanduku yakapangwa uani mwa Ikulu mpaka madirishani. Mafundi walifungua risasi moja moja, wakaziyeyusha kwenye masufuria ya jiko kuu, na jeshi letu likawa Warusi wenye makoti ya kijani. Kwa kuwa kikosi kisicho na risasi hakina cha kufanya mpakani, Jenerali aliandika waraka wa mistari miwili wa kukirudisha makwao hadi kitakapohitajika. Niliupiga chapa mwenyewe. Redio ilisema tumeshinda Waterloo, vita vinaendelea, na hali ni shwari.

Mwalimu hakuruhusiwa kuondoka. Warusi walihitaji jemadari, na baada yao Waaustria, naye ndiye aliyejua walikotoka. Walimvua koti jekundu wakampa la kijani, la sufu ile ile.

Perusi alikuja Ikulu kumwona mwezi wa Septemba. Nilimpeleka mimi hadi kile chumba nyuma ya jiko. Alikuwa mfupi kuliko nilivyomfikiria, na alikuwa amevaa gauni la kiraia na viatu vyake mwenyewe. Baba yake alikuwa amekaa katikati ya mbao ndefu zilizojaa vijisanamu, anawapaka nyuso kwa brashi ya nywele tatu. Perusi alisema shikamoo, naye akaitika marahaba bila kuinua kichwa, halafu akakiinua.

Perusi alimwambia kwamba mama yake hajambo, paa limerekebishwa, na mahindi ni mazuri mwaka huu. Alimwambia hajui ni kwa nini waliachiwa ghafla vile, wenzake wanasema ni muujiza. Mwalimu alisema huenda. Hakumweleza, na mimi sikuona kwamba ni kazi yangu.

“Baba, unarudi lini?” Perusi aliuliza.

Mwalimu alitazama mbao zile, akahesabu kwa macho. “Nimemaliza Warusi elfu nne,” alisema. “Wakati mwingine nawapaka macho yaliyofumba, wanakwenda haraka.”

Perusi aliangua kicheko kidogo, akajifuta uso kwa kiganja. Alivuta kiti, akaketi karibu na bega la baba yake akimwangalia anavyofanya. Chumba kilikuwa na joto la jiko. Muda si mrefu kichwa chake kiliinama, akalala pale pale, mdomo wazi kidogo, viatu vyake viwili vimenyooka mbele yake. Mwalimu alisogeza mbao polepole ili zisilie.

Kutoka ukumbini sauti ya Mtukufu iliuliza, kwa wasiwasi, kama Waaustria wameshafika.

Mwalimu alichovya brashi, akamtazama binti yake, akajibu kwa sauti ya chini kiasi kwamba ilinibidi niende mlangoni kumfikishia Mtukufu maneno yake: bado wako njiani, na wanatembea kwa miguu.